Ritifaa ya Boma Ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana wanaoandika programu za kompyuta, hasa hawa wa kwetu Moshi na Arusha wanaotutengenezea mifumo ya SACCOS, zahanati, shule na maduka. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nimekagua hesabu za vyama vya ushirika kwa miaka 31 mpaka nikastaafu, na sasa nimo kwenye kamati ya usimamizi ya SACCOS moja huku Uru. Nina maneno nao kwa sababu nimegundua uzeeni kwamba kazi yao na yangu zimezaliwa tumbo moja, ila wao hawakuambiwa.

Nianze na ritifaa. Kwa waliosahau darasa la Kiswahili, ni kile kialama kinachokaa juu ya mstari baada ya ng katika neno ng'ombe. Tunaye mwanachama anayeishi Boma Ng'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai. Tangu tuliponunua mfumo wetu mwaka 2021, keshia alikuwa hawezi kuandika anwani ya mwanachama huyo. Akiandika Boma Ng'ombe na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, skrini inajaa maneno mekundu ya Kiingereza. Akiandika Boma Ngombe, mambo shwari. Basi akazoea, na msaidizi wake akamfundisha hivyo hivyo: "Hii mashine haipendi ng'ombe." Tulicheka wote ofisini. Mkaguzi mzima nikakaa miaka mitatu nikichekea hitilafu iliyokuwa ikinikodolea macho.

Tungeendelea kucheka kama si binti wa mwanachama wetu mmoja, aliyemaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani akisubiri chuo. Mama yake alimpa simu amsomee taarifa ya akiba. Binti akafungua, akaona kule juu kwenye anwani ya ukurasa mwishoni pameandikwa 417, namba ya uanachama ya mama yake. Kwa utundu tu akaifuta 7 akaweka 8. Ikafunguka taarifa ya mwanachama namba 418. Huyo 418 ni mzee wa heshima ambaye kila Jumapili baada ya ibada huwaambia vijana kwamba hajawahi kukopa hata senti ya mtu. Taarifa ikaonyesha mkopo wa shilingi milioni tatu na laki nne, marejesho yamechelewa miezi miwili.

Sitaeleza habari hizo zilivyofika kilabuni. Itoshe kwamba zilifika kabla hazijafika kwenye bodi.

Kikao cha dharura kilipokaa, wajumbe watatu walitaka binti apelekwe polisi. Mmoja alikuja na nakala ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kapigia mstari kifungu cha kuingia kwenye mfumo bila idhini. Nikawauliza: keshia akiacha daftari la wanachama wazi dirishani, mtoto akapita akasoma, tunamkamata mtoto? Lakini nakiri kwamba binti alikosea kupeleka maneno kwa watu badala ya kuyaleta kwetu. Na sisi tulikosea zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba ukiona tatizo kwenye mfumo umweleze nani. Mjadala ulichukua saa tatu. Binti hakupelekwa polisi, na baba yake alihama SACCOS.

Ndipo tukamwita kijana wa Njiro, Arusha, ambaye kazi yake ni kupima mifumo. Kabla ya kugusa chochote alidai barua ya idhini yenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri, na alifanya kazi kwenye nakala ya mfumo ndani ya kompyuta yake, yenye majina ya kubuni. Hapo hapo nikampenda. Huyu, nikasema moyoni, ni mkaguzi.

Alipouliza kama kuna kitu chochote cha ajabu tulichokiona, keshia akamweleza habari ya ng'ombe huku akicheka. Yeye hakucheka. Alisogeza kiti.

Maelezo yake ni haya, na ninayarudia kama nilivyoyaelewa. Mfumo ukitaka kuweka au kutafuta kitu kwenye hifadhidata, yaani ghala lake la taarifa, hutunga sentensi ya amri kwa lugha inayoitwa SQL. Maneno anayoandika mtumiaji hupachikwa katikati ya sentensi hiyo yakiwa yamebanwa na alama mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni, ili kompyuta ijue jina linaanzia hapa na kuishia pale. Alama yenyewe ni ile ile ya ng'ombe. Kwa hiyo kompyuta ikisoma Boma Ng na kukutana na ritifaa, inadhani jina limekwisha. Lile "ombe" lililobaki inalisoma kama sehemu ya amri, hailielewi, inalalamika kwa maandishi mekundu.

"Sasa Mama Mkaguzi," akaniambia, "mfikirie mtu ambaye baada ya ritifaa haandiki ombe. Anaijua SQL, na anaiendeleza sentensi kwa maneno yake mwenyewe."

Akafungua ukurasa wa kuingilia. Kwenye nafasi ya jina akaandika jina la meneja, akaweka ritifaa na vialama vingine viwili vitatu, neno la siri akaacha kama lilivyo, tupu. Akabonyeza. Akawa meneja. Sekunde kumi hazikufika. Kutoka pale angeweza kuidhinisha mkopo.

Mhariri, nilirudi mwaka 1984. Nilikuwa nimefika Chuo cha Ushirika hapa Moshi, ambacho siku hizi ni chuo kikuu, na kabla hatujajua debiti wala krediti mwalimu alitufundisha kuandika hundi. Ukiandika kiasi kwa maneno, mwishoni unaweka neno "tu", kisha unapiga mstari mpaka nafasi inakwisha. Tukauliza, kwa nini tu? Akachukua hundi ya shilingi elfu mbili isiyo na "tu" wala mstari. Mbele ya "elfu mbili" akaongeza "mia tisa". Kwenye tarakimu, sifuri ya kwanza akaitia mkia ikawa tisa. Sahihi ilikuwa halali na muhuri ulikuwa halali. Hakughushi jina la mtu, alitumia nafasi tupu aliyoachiwa na mwandishi halali wa hundi.

Hicho ndicho alichokifanya kijana wa Njiro kwenye ukurasa wetu. Wataalamu wanakiita udungaji wa SQL. Kwangu mimi ni hundi isiyo na "tu".

Nikauliza jambo hili limejulikana lini. Akasema mbinu hii ilielezwa hadharani mwaka 1998. Kijana aliyetuandikia mfumo, nilipoangalia fomu yake ya zabuni, amezaliwa 1999. Tundu limemtangulia duniani kwa mwaka mmoja, na bado hakuna aliyemwonyesha lilipo.

Tulimwita. Alikuja na pikipiki kutoka Majengo, akavua kofia, akanisalimia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Siku hiyo hiyo akarekebisha, na marekebisho yake ya kwanza ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Alipiga marufuku ritifaa. Ukiiandika popote, mfumo unakataa: "Herufi hairuhusiwi." Yaani ili fedha zetu ziwe salama, ng'ombe, ng'ambo na ng'ofu zifutwe kwenye Kiswahili, na mwanachama wetu aendelee kuishi mahali pasipokuwepo kwenye ramani. Nikamwambia, baba, kosa si la lugha yangu. Na kijana wa Njiro akaongeza kwamba mjuzi ataikwepa marufuku hiyo kwa njia nyingine, maana kuorodhesha kila alama mbaya hakuna mwisho.

Dawa yenyewe ni kutenganisha amri na maneno ya mtumiaji. Amri inapelekwa kwenye hifadhidata ikiwa kamili, na palipo na jina panaachwa alama ya kushika nafasi. Jina linafuata peke yake, kwa mlango wake. Ni kama fomu iliyokwisha kupigwa chapa na kutiwa sahihi: kwenye kisanduku cha jina hata ukiandika "mpe huyu fedha zote", litabaki kuwa jina la ajabu tu, kwa kuwa hakuna anayesoma kisanduku hicho kama amri. Ajabu ni kwamba njia hii si ngumu wala haina gharama. Kijana wetu alikaa na mwenzake siku mbili, wakapita kila mahali mfumo unapozungumza na hifadhidata, wakabadilisha. Palikuwa sehemu 73. Kama angeanza hivyo tangu mwanzo, kila moja ingemchukua muda ule ule aliotumia kuiandika vibaya.

Kuna jumuiya ya kimataifa inaitwa OWASP, ilianza mwaka 2001, ambayo hutoa orodha ya hatari kumi kubwa za programu za wavuti. Udungaji uliongoza katika matoleo ya 2010, 2013 na 2017. Toleo la 2021 liliushusha hadi nafasi ya tatu, na ya kwanza ikachukuliwa na ile ya 417 kuwa 418, yaani mfumo kushindwa kuhakikisha nani ana haki ya kuona nini. Sisi tulikuwa nazo zote mbili. Mfumo ulimuuliza mtu mlangoni yeye ni nani, ila akishaingia ulimpa daftari lolote aliloomba kwa namba. Keshia wa miaka ya themanini aliyekuwa akitoa kitabu cha akiba cha mtu mwingine kwa sababu umetaja namba yake, angefukuzwa kabla ya saa nne ya chai.

Kuhusu maneno ya siri nitasema machache, japo paliniuma. Yalikuwa yamehifadhiwa kama yalivyo, yanasomeka, na neno la kuanzia kwa kila mwanachama lilikuwa tarehe yake ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Namba hizo tunaziandika wenyewe kwenye karatasi ya mahudhurio ya mkutano mkuu, inayozunguka ukumbini kwa watu zaidi ya 300. Tulikuwa tukigawa funguo pamoja na soda. Sasa maneno hayo yanasagwa. Mahindi ukishayasaga, unga haurudi kuwa punje. Mfumo unasaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga, punje zako haziweki popote. Na kabla ya kusaga neno la kila mtu linatiwa chumvi yake tofauti, yaani herufi za kubahatisha, ili wawili wenye neno moja wasitoe unga unaofanana. Chumvi si mfano wangu. Wataalamu wenyewe ndivyo wanavyoiita, nami nikafurahi kukuta jiko humo.

Najua wapo watakaosema huyu mama anawaonea vijana. Hapana. Kijana wetu aliniambia, "Mama, nilijifunza kwa video, na kwenye video walifanya hivi hivi. Mfumo ukafanya kazi, mkanilipa." Namwamini. Na nimerudi kwenye mihtasari ya vikao vya 2021 kuona sisi wanunuzi tulimuuliza nini. Tulimlipa shilingi milioni moja na laki nane. Mkataba una ukurasa mmoja na nusu. Neno usalama halimo. Kilichojadiliwa kwa urefu ni kama nembo iwe ya kijani kwa ajili ya migomba au kahawia kwa ajili ya kahawa, na jambo hilo lilipigiwa kura. Mimi nilikuwemo. Niliunga mkono kahawia.

Mjumbe mmoja bado anashikilia kwamba sisi ni wadogo, nani atahangaika na SACCOS ya Uru? Hajui kwamba wadukuzi siku hizi hawachagui mlango kwa macho. Wanatuma programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila kitasa. Na wakubwa nao huingiliwa kwa uzembe mdogo. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya Equifax iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 147 kupitia kasoro ya programu ya Apache Struts. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa Machi. Wezi waliitumia kuanzia Mei. Nilipouliza seva yetu, yaani kompyuta inayobeba mfumo, ilisasishwa lini mara ya mwisho, kijana aliangalia dari.

Basi ombi langu la kwanza ni kwa wanaofundisha. Ukanda wetu una bahati: Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, na upande wa Arusha Chuo cha Uhasibu, Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Hata wanaofundisha kwa video na kwenye vyumba vya kukodi Sakina na Kijenge nawahesabu. Siku ile ya kwanza mwanafunzi anapoandika amri yake ya kwanza ya hifadhidata, afundishwe ile iliyo salama. Asionyeshwe kwanza njia mbovu kwa kisingizio cha urahisi, halafu usalama uje baadaye kama somo la peke yake. Sisi hatukufundishwa "tu" mwaka wa pili. Na hawa vijana wanaonakili msimbo, yaani maandishi ya programu, kutoka kwa akili bandia, sawa, nakilini, lakini uusome kabla ya kuutia sahihi yako, maana sahihi ni yako.

La pili ni kwa bodi zenzetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai anayekusanya taarifa za watu azilinde. Anayezikusanya ni sisi, si kijana wa pikipiki. Mkataba wetu mpya unataka msimbo usomwe na mtu wa pili kabla ya kuanza kutumika, unataka upimaji kwa idhini ya maandishi kila mwaka, na una ada ya matunzo ili kijana asasishe seva bila kuomba nauli. Pia tumebandika ofisini na kwenye ukurasa wa kuingilia namba ya kupigia ukiona kasoro, na ahadi kwamba anayeleta taarifa kwa nia njema hatashitakiwa na chama. Binti yule ndiye aliyetusaidia kuiandika hiyo ahadi. Baba yake bado hajarudi.

Kuna na jambo dogo tulilolianza. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafungua ukumbi wa chama kwa vijana wanaoandika programu. Kila mmoja anakuja na kazi yake, anampa mwenzake aisome na kutafuta matundu. Chai na ndizi za kuchemsha ni juu yangu. Mara ya kwanza walikuja tisa, mara ya pili wanne, maana mvua ilinyesha na mmoja alikuwa bwana harusi. Si mahudhurio ya kujivunia. Lakini siku ile ya wanne, mmoja aligundua kwamba neno la siri la hifadhidata ya mteja wake amelipandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, pamoja na kazi yake, likiwa wazi kwa dunia nzima, mwezi wa tano huo. Alilibadilisha pale pale chai ikiwa haijapoa. Mwingine aliyeandika mfumo wa zahanati alijaribu ile ya 417 na 418 kwenye mafaili ya wagonjwa, akanyamaza kwa muda, akaomba ruhusa ya kuondoka mapema. Anayefungua somo kila mara ni kijana wetu mwenyewe. Anaandika Boma Ng'ombe ubaoni na kuwauliza wenzake: mifumo yenu inaandika hili?

Nakuomba Mhariri, kama ukurasa wako wa teknolojia unapata nafasi kati ya simu mpya na simu mpya zaidi, umtafute mtaalamu awaeleze wasomaji haya kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Wiki iliyopita mwanachama wetu wa Boma Ng'ombe alikuja kuweka akiba. Keshia aliiandika anwani upya, ritifaa na yote, akabonyeza, akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu anayetega mlipuko. Risiti ikatoka. Mzee akaivalia miwani, akaisoma yote, akatuambia sanduku lake la posta tumelikosea tangu 2021.

Mkaguzi mstaafu wa vyama vya ushirika,
Uru, Moshi.